Masisi: Miaka 90 ya kupima vilindi vya maziwa yetu, kutoka Ndalaga hadi Kabuno



Kuna swali ambalo linarudi mara kwa mara katika mazungumzo ya wahami waliopitia Sake, Bulengo na vijiji vingine vya kando ya ziwa Kivu: ziwa hili lina nini huko chini? Wengine wanasema kuna moto. Wengine wanasema kuna gazi ambayo siku moja itatuua sisi wote. Wengine wanasema hizo ni hadithi za watu wanaotaka kutufukuza ili wachukue mali. Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui kina chake. Lakini wako watu waliojaribu kuyafika. Walishusha kamba, chupa na masanduku ya chuma hadi kwenye tope la chini, wakapandisha maji na wanyama wadogo, wakaandika walichokiona. Kazi hiyo ilianza karibu miaka 90 iliyopita, na sehemu yake moja ilifanyika hapa kwetu Masisi.

Maziwa matatu ya Damas

Mwaka wa 1935, taasisi ya mbuga za kitaifa za Congo ya Wabelgiji ilimtuma mtaalamu wa viumbe vya majini, Hubert Damas, kuja kuchunguza maziwa ya pande za Parc National Albert, mbuga ambayo sisi leo tunaiita Virunga. Kazi yake iliendelea hadi mwaka wa 1936. Alishughulika na maziwa matatu: Kivu, Edward na Ndalaga. Kitabu chake kilichapishwa Brussels mwaka wa 1937, kwa Kifaransa, na majina ya maziwa hayo matatu yako kwenye ganda lake.

Kivu na Edward yanajulikana na kila mtu. Ndalaga ni la kwetu. Ni mojawapo ya maziwa ya Mokoto, katika usultani wa Bashali, pande za Kitchanga. Ni maziwa madogo yaliyozaliwa pale lava ya volkano iliposhuka zamani sana na kuziba mabonde, maji yakakosa njia. Mtoto wa Bashali anayesoma shule leo anaweza kumaliza masomo bila kuambiwa kwamba ziwa la kwao ni kati ya maziwa ya kwanza ya Congo kupimwa namna hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Hakukuwa na mashine za umeme. Mchunguzi alipanda mtumbwi au boti, akafika mahali penye kina, akashusha kamba yenye alama za mita. Kwenye kamba alifunga chupa la chuma lililo wazi juu na chini. Likifika kwenye kina anachotaka, aliachia kipande cha chuma kikateremka na kamba, kikagonga chupa, likajifunga. Hivyo maji ya mita 50 yalipanda bila kuchanganyika na maji ya mita 10. Pamoja na chupa kulikuwa na kipima joto. Juu ya boti au ngamboni, maji yalitiwa dawa zinazobadili rangi ili kujua kama yana oksijeni, yaani ile hewa ambayo samaki na sisi sote tunaihitaji.

Kwa tope kulikuwa na chombo kingine: sanduku la chuma lenye mataya mawili kama ya mamba. Linashuka likiwa limeachama, linaguguna chini, linajifunga na kupandisha tope. Tope linamiminwa juu ya chekecheo la waya na kuoshwa taratibu, kama mama anavyoosha mchele akitafuta mawe. Kinachobaki juu ya waya ndicho kinachotafutwa: konokono, minyoo, na wale funza wadogo wekundu ambao baadaye huwa vidudu vinavyoruka jioni kama mbu lakini haviumi.

Kwa nini kuhangaika na tope? Kwa sababu mnyama wa tope hawezi kukimbia. Samaki akikosa hewa anahama. Funza wa tope anabaki pale alipo: akiwa hai, maji ya pale yana hewa, na asipokuwepo, lazima kuuliza kwa nini.

Ziwa lenye joto chini

Katika Kivu, Damas alikuta jambo la ajabu. Katika maziwa mengi, ukishuka chini maji yanakuwa ya baridi zaidi. Katika Kivu, joto linapungua kidogo mwanzoni, kisha linaanza kupanda tena. Leo tunajua kwamba maji ya juu ya chini kidogo yana digrii karibu 23, na yale ya chini kabisa, kwenye kina cha mita 485, yanafikia digrii karibu 26. Maji hayo ya chini ni mazito kwa chumvi, hayana oksijeni hata kidogo, yananuka kama yai bovu, na yamejaa gazi.

Mtu atauliza: maji ya moto si hupanda juu? Ndiyo, hupanda, kama hayana mzigo. Haya ya Kivu yamebeba chumvi na gazi kaboniki, na mzigo huo unayafanya mazito kuliko maji ya juu. Fikiria chungu chenye maji na mafuta ya mawese: mafuta yanakaa juu, maji yanakaa chini, na kila moja linabaki mahali pake mpaka mtu akoroge. Ziwa Kivu liko hivyo, lakini lina tabaka nyingi. Chumvi na gazi hiyo vinaletwa na chemchemi za moto zinazoingia chini ya ziwa, kwa sababu tuko juu ya nchi ya volkano. Maji ya chini kabisa yanakaa huko kwa muda wa miaka kama elfu moja kabla ya kubadilika.

Baada ya vita vikuu vya pili walikuja wengine. Kati ya mwaka wa 1952 na 1954, Wabelgiji walifanya uchunguzi mkubwa wa maziwa Kivu, Edward na Albert. Mmoja wao, J. Verbeke, alishughulika na wanyama wanaoishi chini, na kazi yake ilichapishwa mwaka wa 1957. Jibu la tope lilikuwa wazi. Kando ya ziwa Kivu, kwenye kina kidogo, sanduku la chuma lilipandisha wanyama. Ukipita mita 60 au 70 hivi, chekecheo lilibaki tupu. Tope lipo, wanyama hawapo. Ziwa hili refu na lenye kina kikubwa lina makao ya viumbe vinavyovuta hewa kwenye ganda lake la juu tu.

Jambo hilo linagusa sahani zetu. Kivu lilikuwa na samaki wachache, na hakuna aliyekula vidudu vidogo vinavyoelea katikati ya ziwa. Ndiyo maana, kati ya mwaka wa 1958 na 1960, samaki wadogo waliletwa kutoka ziwa Tanganyika na kuachiliwa Kivu. Hao ndio sambaza wetu wa leo, wanaovuliwa usiku kwa taa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Sambaza wanaishi katika ganda lile lile la juu. Mvuvi anayetupa wavu chini sana hapati kitu, na sasa msikilizaji anajua sababu.

Mwaka wa 1955, wataalamu Schmitz na Kufferath walichapisha maandiko kuhusu gazi iliyoyeyuka katika maji ya chini. Humo kuna gazi mbili kubwa: gazi kaboniki, na metani, ile inayoweza kuwaka moto. Makadirio ya leo yanasema ziwa limebeba karibu kilometa 300 za ujazo za gazi kaboniki na karibu 60 za metani. Upande wa Rwanda walianza kutumia metani hiyo mwaka wa 1963 katika kiwanda cha bia cha Gisenyi, na mwaka wa 2016 kituo cha KivuWatt kikazinduliwa kutoa umeme. Upande wetu, jikoni bado ni makala, na miti ya makala hayo inatoka Virunga na milima ya Masisi.

Hofu iliyotoka Cameroun

Kwa miaka mingi gazi ya Kivu ilihesabiwa kuwa mali tu. Halafu ikatokea Cameroun. Tarehe 15 mwezi wa nane 1984, watu 37 walikufa kando ya ziwa Monoun. Tarehe 21 mwezi wa nane 1986, ziwa Nyos likatoa wingu la gazi kaboniki usiku, likashuka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Hapakuwa na moto wala risasi. Ziwa lilifunguka tu kama chupa ya Fanta iliyotikiswa. Gazi inakaa ndani ya maji kwa sababu maji ya juu yanaikandamiza. Maji ya chini yakipandishwa haraka, kizuizi kinaondoka, povu linapanda na kuvuta mengine.

Nyos ni ziwa dogo sana mbele ya Kivu. Kwa hiyo swali likaja kwetu: chupa yetu imejaa kiasi gani? Ni swali ambalo uvumi hauwezi kulijibu. Linajibiwa na kamba na chupa la chuma, au na vyombo vya kisasa vinavyofanya kazi ile ile.

Mwaka wa 2002, tarehe 17 mwezi wa kwanza, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Wengi waliogopa kwamba mwisho umefika. Wachunguzi walishusha vyombo vyao majuma machache baadaye na kukuta tabaka za chini ziko mahali pake. Mwaka wa 2005, vipimo vilionyesha kwamba metani inaongezeka, na hofu ikarudi. Mwaka wa 2018, vikundi kadhaa vya wataalamu vilikutana ziwani kupima pamoja, kila kimoja na chombo chake, ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2020: hawakukuta dalili ya gazi kuongezeka. Pale ambapo gazi ni nyingi kuliko pote, ni karibu nusu tu ya kiasi ambacho kingeweza kufungua chupa yenyewe. Hiyo haimaanishi hatari haipo. Inamaanisha panahitajika kishindo kikubwa sana kutoka chini, na kwamba kupima hakuwezi kuachwa.

Kabuno, na safari ya kwenda Sake

Kuna sehemu moja ambayo mtu wa Masisi anapaswa kuijua kuliko zote: ghuba ya Kabuno, karibu na Sake. Ina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 48. Imetengwa na ziwa kubwa kwa kizingiti kilicho kwenye kina cha mita kama 10 tu, kwa hiyo maji yake ya chini hayachanganyiki na ya jirani. Katika ziwa kubwa, oksijeni inashuka mpaka mita 60 wakati wa kiangazi. Katika Kabuno inaishia kwenye mita 10 au 11 hivi. Chini ya hapo ni maji yaliyojaa gazi kaboniki. Yaani huko gazi iko karibu sana na sisi.

Sasa tukumbuke mwaka wa 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano. Tarehe 27, liwali wa kijeshi wa jimbo aliamuru kata 10 za Goma zihame, akisema lava inaweza kutokea chini ya mji au chini ya ziwa. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka, kwa miguu, kwa moto, kwa chukudu zenye magodoro. Wengi walielekezwa Sake. Walikimbia ziwa wakaenda kulala kando ya ghuba ambayo gazi yake iko karibu zaidi na uso wa maji.

Hatusemi hili kwa kulaumu mtu. Mji ulikuwa unatetemeka na uamuzi ulipaswa kuchukuliwa usiku. Lakini watu wazima waliobeba watoto mgongoni walikuwa na haki ya kujua mambo yaliyopimwa na kuandikwa miaka mingi kabla. Vitabu vilikuwepo. Kwa Kiswahili, redioni, maneno hayo hayakuwepo.

Mazuku ni ndugu wa gazi ya chini

Gazi kaboniki haikai ziwani tu. Inatoka pia ardhini, kwenye nyufa za lava, kuanzia Goma hadi Sake. Wenyeji waliijua kabla ya Damas na waliipa jina: mazuku. Ni gazi nzito kuliko hewa, haina rangi, inakaa katika mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na asubuhi mapema kabla upepo haujavuma. Kambi za Bulengo na Lac Vert, ambamo wahami wengi wa Masisi waliishi kabla ya mapema mwaka wa 2025, zilikuwa katika eneo hilo hilo la lava.

Kwa hiyo tunarudia, kwa kila familia inayotafuta mahali pa kujenga kibanda. Usijenge wala usimlaze mtoto katika shimo au bonde la mawe ya lava. Ukiona ndege, mijusi au mbuzi wamekufa bila jeraha mahali pamoja, ondoka. Ukiwasha kiberiti karibu na ardhi kikazimika bila upepo, ondoka. Mtu akianguka bondeni, usiinamie kumwokota peke yako, kwa sababu wengi wameangukia juu ya waliotaka kuwaokoa. Kimbilia palipoinuka.

Hatari ya juu na hatari ya chini

Hapa ndipo historia hii inatufundisha jambo kubwa. Katika miaka hiyo yote 90 ya kupima, ziwa Kivu halijalipuka kama Nyos. Lakini mwezi wa saba 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja hivi, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Walikunywa maji ya juu ya ziwa, yale yenye oksijeni, yale mazuri kwa samaki. Waliuawa na uchafu wa watu wengi wasio na vyoo.

Kwa hiyo mama anayejaza bidoni ziwani asubuhi ana hatari mbili mbele yake. Ile ya chini ni kubwa, ni ya nadra, na inalindwa na wapimaji. Ile ya juu iko ndani ya bidoni. Chemsha maji, au tia klori kwa kipimo, na usichote karibu na mahali watu wanapofulia na kujisaidia. Hofu ya gazi isitufanye tusahau kipindupindu.

Ndalaga na mito ya Walikale

Tumalizie kwetu. Maziwa ya Mokoto yameona mengi tangu 1935. Mwezi wa tano 1996, raia waliokuwa wamekimbilia monasteri ya Mokoto waliuawa huko. Misitu mingi ya milima ya Masisi imekatwa kuwa malisho na mashamba, na mlima ukikosa miti, mvua inateremsha udongo mpaka ziwani. Udongo huo unalala juu ya tope la zamani, tabaka juu ya tabaka. Vipimo vya Damas vya Ndalaga ni kama picha ya ziwa kabla ya hayo yote. Yeyote atakayepima tena ana cha kulinganisha, na wilaya chache zina bahati hiyo.

Walikale hakuna ziwa kama Kivu, lakini kuna Lowa, Oso na vijito vingi ambamo watu huosha madini. Hapo pia wanyama wa tope ni mashahidi. Kijito ambacho chini ya mawe yake kuna funza wa aina nyingi kiko tofauti na kijito ambacho chini yake ni tope jekundu tu. Kazi hiyo haitaki mamilioni. Inataka ndoo, chekecheo, daftari, na mwalimu mwenye uvumilivu. Watu wa kufundisha wapo: kituo cha utafiti cha Lwiro, ISP ya Bukavu ambayo walimu wake wamechunguza ziwa Kivu kwa miaka mingi, na kituo cha volkano cha Goma.

Tunachoomba ni kidogo. Kila mara chombo kinaposhushwa ziwani, matokeo yasomwe redioni kwa Kiswahili chepesi: oksijeni imeishia mita ngapi, gazi ya Kabuno ikoje, wapi pasilalwe. Familia iliyohamishwa mara tatu au nne inachagua kila jioni mahali pa kulaza watoto. Inastahili kuchagua kwa habari zilizopimwa.

Kutoka Masisi, ni mimi mwandishi wenu. Tuko pamoja.